Kisanskriti na kinu cha dawa: jibu kwa tabibu wa Tanga

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Tanga. Nimepata ufadhili wa kusoma shahada ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, nchini India, na mwenzangu aliyetangulia ananiambia kwamba mwaka wa kwanza kuna somo la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko. Kiingereza nakijua, na nasikia vitabu vikubwa vya fani hii vimeshatafsiriwa vyote. Kwa nini basi nitumie miezi kujifunza lugha ambayo hakuna mgonjwa atakayeniambia nayo pale panapomuuma? Ni elimu hasa, au ni desturi tu ya wenyewe? Na kama ni lazima, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ufadhili.

Nitakujibu kwanza kwa ufupi, maana najua una safari ya kupanga. Mtihani unaweza kuupita hata kama Kisanskriti chako ni cha kuungaunga. Nimeona wengi wakipita hivyo. Hata mgonjwa utamhudumia. Lakini kila utakapoandika dawa, utakuwa unaandika uamuzi wa mtu mwingine: mfasiri fulani aliyekutana na neno lenye maana nne, akakuchagulia moja, na hizo tatu hakukuambia. Katika fani hii neno ndilo linaloamua kitu gani kinaingia kinuni. Kwa hiyo ndiyo, jifunze. Huhitaji kuwa mwanachuoni wa sarufi. Kuanzia, unahitaji kiasi cha kukuwezesha kuona pale mfasiri alipochagua.

Maneno ya Kisanskriti nitayaandika kwa herufi zetu, na irabu ndefu nitaiandika mara mbili, kama tunavyoandika kaa na paa. Urefu huo una kazi yake, na mimi nilijifunza hivyo kwa makosa.

Nilikuwa mwaka wa pili Jamnagar, Gujarat, mji ambao vijiji vyake ndiko walikotoka Waoshwal, jamii ya Wahindi, wengi wa Mombasa na Nairobi. Asubuhi moja tulikuwa chumba cha dawa, kila mwanafunzi na ubeti wake, na kazi ilikuwa kupima vitu vilivyotajwa na kuvipanga mezani. Ubeti wangu ulitaja mizizi kadhaa, na katikati yake pathyaa, bibhiita na dhaatrii. Nilikuwa nimeutayarisha usiku kwa kamusi. Pathya, kamusi ilisema, ni chakula kimfaacho mgonjwa. Dhaatrii ni yaya, mwanamke anyonyeshaye mtoto wa mwenzake. Nikaona yaya hawezi kuingia katika dawa, nikadhani ubeti unatoa nasaha: mgonjwa ale kinachomfaa, atunzwe kama mtoto. Nikapima bibhiita peke yake.

Mwalimu aliitazama meza yangu akanyamaza. Kisha akafungua debe, akaniwekea kiganjani tunda kavu la kahawia, gumu, lenye mbavu tano, akaniambia nilitafune. Ukakasi ukanikausha ulimi wote kama nimeuma ndizi mbichi. Nilipokunywa maji baadaye, maji yakawa matamu. "Pathyaa," akasema, akiivuta ile irabu ya mwisho. Kwa irabu fupi ni chakula kifaacho. Kwa irabu ndefu ni jina la mti, mti uleule ambao jina lake la kawaida ni hariitakii. Na dhaatrii ni aamalakii, tunda chachu lililopewa jina la yaya. Matunda hayo matatu kwa pamoja ndiyo triphalaa, dawa utakayoikuta karibu katika kila duka la Ayurveda, na mimi nilikuwa nimeacha theluthi mbili yake ndani ya debe. Lilikuwa zoezi tu, hakuna mgonjwa aliyepewa dawa ile. Tangu siku hiyo sijapita juu ya irabu ndefu bila kusimama.

Utasema, hilo ni kosa la mwanafunzi, na tafsiri nzuri ingemwokoa. Kwa pathyaa ndiyo, ingemwokoa. Sasa chukua neno arishta. Limetokana na mzizi rish, kudhurika, na kiambishi a- cha kukanusha: kisichodhurika, kilicho salama. Katika orodha za miti, arishta ni mmojawapo wa majina ya mwarobaini, huuhuu wa uani kwetu, ambao pia huitwa nimba. Katika chumba cha dawa, arishta ni dawa ya maji iliyopikwa kwanza kisha ikaachwa ichachuke kwa sukari guru. Na katika kitabu cha Charaka, mmoja wa waandishi wa kale wa fani hii, sehemu nzima ya sura 12 inayoitwa Indriyasthaana inahusu arishta za aina ya tatu: dalili zinazomwambia mganga kwamba mgonjwa huyu hataishi. Neno la usalama limegeuzwa kuwa jina la dalili ya kifo, kwa tafsida, kama watu wanavyokwepa kutaja jambo zito. Mti, dawa na kifo, vyote chini ya jina moja, na mwandishi hasimami kukuambia safari hii anakusudia kipi. Anakutegemea ujue uko sehemu gani ya kitabu na kitenzi gani kinafuata.

Hiyo maana ya pili itakufaa mapema sana kule kwenu. Chupa iliyoandikwa arishta, au aasava, ina kileo ndani yake, kilichozaliwa na uchachu wenyewe. Dashamuulaarishta, kwa mfano, ni dasha, kumi, na muula, mizizi, na arishta: dawa ya mizizi kumi iliyochachuka. Mgonjwa wako Mwislamu wa Pangani ana haki ya kujua hilo kabla hajafungua kizibo, na mwenye ini lililoharibika anahitaji kulijua zaidi. Muuza duka huenda asimwambie. Neno lenyewe lilishamwambia, kama angekuwapo wa kulisoma.

Neno rasa nataka ukae nalo zaidi, maana ndilo ninalowaonya nalo wagonjwa kila wiki. Asili yake ni utomvu, maji ya kitu. Kutoka hapo likawa ladha, na Ayurveda ina ladha sita: tamu, chachu, ya chumvi, kali, chungu na ya ukakasi. Likawa pia jina la majimaji ya kwanza yanayotokana na chakula kilichomeng'enywa, ambayo ndiyo ya kwanza katika zile dhaatu saba zinazoujenga mwili. Svarasa ni maji yaliyokamuliwa kwenye jani bichi. Na karne kadhaa baada ya Charaka, waganga walipoanza kutibu kwa madini, rasa likawa jina la zebaki. Ndiyo maana elimu nzima ya dawa za madini inaitwa Rasashaastra.

Mtu akisoma kibandiko cha dawa kilichoandikwa "Ras" mwishoni mwa jina, na yeye anajua rasa ni "ladha" au "maji ya mti", ataona amepata kitu kilaini. Mara nyingi sana jina hilo ni dalili kwamba ndani mna zebaki. Bhasma ni jivu, kwa kawaida jivu la metali au la madini. Naaga ni nyoka, pia ni tembo, na katika Rasashaastra ni risasi. Kwa hiyo naaga bhasma ni jivu la risasi, na hakuna nyoka hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti: karibu 21% zilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Walipozitenga zile za Rasashaastra, kiwango kilipanda hadi takriban 41%, na zisizo za Rasashaastra zilikuwa 17%. Wenye fani hudai kwamba madini hayo husafishwa kwa njia ndefu mpaka yasidhuru. Mimi kwa mama mjamzito na kwa mtoto siyaandiki, nimemaliza. Nilichotaka uone ni kwamba ile tofauti kati ya 17 na 41 inaanzia kwenye neno moja la Kisanskriti ambalo mnunuzi angeweza kufundishwa kwa dakika mbili.

Kuna mtego mwingine wa namna hiyo: amritaa, kwa irabu ndefu, ni mtambaa uitwao guduuchii. Amrita, kwa irabu fupi, ni kinywaji cha miungu kisichoruhusu kufa, na katika vitabu vya Rasashaastra hilohilo ni jina mojawapo la vatsanaabha, mzizi wenye sumu kali inayosimamisha moyo. Sina haja ya kueleza zaidi.

Wengine watakuambia, "Jifunze Kihindi, ndiyo lugha hai, Kisanskriti kitakuja chenyewe." Kihindi kitakusaidia wodini, na ukiwa Gujarat utahitaji pia Kigujarati kidogo, maana wagonjwa hawazungumzi mashairi. Lakini usikubali kikufasirie vitabu. Ladha kali, kama ya pilipili, Kisanskriti kinaiita katu. Ladha chungu, kama ya mwarobaini, kinaiita tikta. Mwulize sasa mama Mgujarati wa Mombasa: chungu kwake ni kadvu, na kali ni tikhu. Kadvu ni mjukuu wa katu, lakini amehamia nyumba ya jirani yake. Kwa hiyo anayesoma trikatu kwa masikio ya Kigujarati atasikia "chungu tatu", wakati dawa hiyo ni kali tatu: tangawizi kavu, pilipili manga na pippalii. Katika Ayurveda ladha ndiyo msingi wa kuchagua dawa, kali huwasha na kukausha, chungu hupoza, basi kugeuza hizo mbili ni kumpa mgonjwa wa homa kitu kinyume cha alichoandikiwa.

Hiyo pippalii nayo ni ndugu yetu. Jina lake lilisafiri kupitia Kiajemi na Kiarabu mpaka likafika pwani kama pilipili. Ila kilichofika ni jina. Pippalii yenyewe ni tunda refu jembamba la jamii ya pilipili manga, na ile pilipili nyekundu ya kachumbari ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno. Charaka hakuwahi kuionja. Ukisoma pippalii usichukue pilipili ya jikoni kwenu kwa sababu majina yanafanana.

Sasa nije kwenye magonjwa, maana wewe ni tabibu na hapa ndipo utakapopata taabu zaidi ya wenzako waliotoka shule moja kwa moja. Utakuwa na hamu ya kuweka alama ya sawasawa kati ya jina la Kisanskriti na ugonjwa unaoujua. Vitabu vya Kiingereza vitakusukuma huko: prameha ni kisukari, basi. Livunje neno. Pra- ni kiambishi cha wingi na kusonga mbele, mih ni kukojoa. Prameha ni kukojoa kupita kiasi au mkojo uliobadilika, na vitabu vinazihesabu aina 20: kumi za kapha, sita za pitta, nne za vaata, zile tatu kubwa nitakazozieleza hapa chini. Madhumeha, mkojo wa asali, ndiyo inayokaribiana na kisukari tunachokipima kwa tone la damu, na hiyo ni moja katika zile nne za mwisho. Nyingine zinaeleza mkojo wenye mawingu, mkojo mweupe kama maji ya unga, mkojo wa rangi ya damu. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo angeingia humo bila shida. Mwanafunzi aliyeandika "prameha = kisukari" pembeni mwa daftari anaweza kumpa mgonjwa huyo dawa ya kushusha sukari, huku kitabu chenyewe kikiwa hakina kosa.

Na sukari yenyewe ni neno la huko: sharkaraa, lililopita Uajemi na Uarabuni mpaka kwetu. Maana yake ya asili ni kokoto, changarawe, ndipo ikawa sukari chembechembe. Sushruta, mwandishi mwingine wa kale, analitumia pia kwa changarawe za njia ya mkojo. Ukiona sharkaraa katika sura ya mawe ya kibofu, usitafute bakuli la sukari.

Kuhusu zile tatu kubwa, vaata, pitta na kapha, nakuomba kitu kimoja: usizitafsiri kwa maneno tuliyorithi kutoka tiba ya Kiyunani. Sisi wa pwani tunayo balghamu, safura na sauda tangu zamani, na mkono unavutwa kuandika kapha ni balghamu. Sushruta anatoa mizizi ya majina hayo mwenyewe: vaata kutoka vaa, kwenda na kuvuma, pitta kutoka tap, kuunguza, na shleshman, jina jingine la kapha, kutoka shlish, kukumbatia. Kapha ni kinachokumbatia, kinachoshikamanisha, na kinatajwa kwenye viungo vya magoti sawa na kifuani. Ukimwambia mzee wa Muheza "una balghamu nyingi gotini" atakushangaa, na atakuwa na haki. Neno dosha, jina la zote tatu kwa pamoja, ni kutoka dush, kuharibika: kitu chenye tabia ya kuharibika na kuharibu vingine. Wanaolieleza kama "aina ya mwili wako", kama wanavyofanya watu wa dodoso za kwenye intaneti, wameacha nusu ya neno. Hili linaniudhi kwa kweli, kwa sababu mtu huja kliniki akijivunia kuwa "yeye ni pitta", kumbe anajitambulisha kwa jina la kinachomharibu.

Utaona ninavyorudia mizizi. Hapo Mswahili ana bahati. Mtu aliyekua na pona, ponya, mponyaji, uponyaji hashangai akiambiwa kwamba mzizi mmoja huzaa ukoo. Hri ni kuchukua. Aahaara, kinachochukuliwa ndani, ni chakula. Vihaara ni mwenendo, jinsi mtu anavyoishi na kujisogeza. Nihaara ni kutoa uchafu wa mwili. Maneno matatu ambayo daktari wa Ayurveda huyauliza kila siku, na mzizi ni mmoja. Hata hicho kinachoitwa mzizi katika sarufi kinaitwa dhaatu, jina lilelile la zile tishu saba za mwili: kilichowekwa chini ili kibebe vingine. Waliounda fani hizi mbili waliazimana fikra.

Bahati ya pili ni masikio. Kisanskriti kinatenganisha ka na kha, pa na pha, kwa pumzi inayotoka baada ya herufi, na th yake ni t yenye pumzi, si ile ya thelathini. Wazungu huhangaika na hilo miezi. Wazee wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi hiyohiyo, na Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi. Msikilize bibi yeyote wa Mji wa Kale akitamka, utaingia darasani ukiwa mbele.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Sehemu kubwa ya vitabu hivi ni mashairi, na bahari yake ya kawaida, shloka, ina vipande vinne vyenye silabi nane nane. Hesabu: ni mizani 32, sawasawa na ubeti wa utenzi. Haina vina, na irabu ndefu huhesabiwa mizani moja, lakini mtu aliyezoea tenzi ataisikia mapigo siku ya kwanza. Nilipomaliza wiki ya pili nilikuwa nahifadhi beti za Vagbhata kwa sauti ya kusomea utenzi niliyoisikia kwa babu yangu, wenzangu wa Kerala wakinisikiliza. Mashairi hayo yaliandikwa ili yahifadhiwe, na Vagbhata, mwandishi wa Ashtaangahridaya, ndiye laini kuliko wote. Huko Kerala koo za waganga ziitwazo Ashtavaidya zimekihifadhi kitabu hicho chote kwa moyo, sura 120.

Ushairi una gharama yake. Mwandishi anayetafuta silabi nane hutumia jina la mmea linaloingia katika kipande, ndiyo maana mmea mmoja una majina kumi. Mwanzoni utalia. Baadaye utagundua kwamba majina hayo ni mwongozo wa kuutambua mmea porini. Rudi kwa guduuchii, niliyoitaja. Inaitwa chhinnaruhaa: iliyokatwa, nayo inaota. Kata kipande cha shina lake ukining'inize juu ya ua, kitateremsha mizizi ya hewani mpaka ardhini. Inaitwa chakralakshanikaa: yenye alama ya gurudumu. Mwalimu wetu alikata shina la unene wa kidole kwa wembe, akatupitishia kipande. Ndani mlikuwa na gurudumu kamili, spoki zake zikitoka katikati kwenda ganda. Inaitwa madhuparnii, yenye majani ya asali. Mtu aliyeletewa gunia la mashina makavu na mfanyabiashara asiyemjua, akawa na majina haya kichwani, ana jambo la kutazama kabla hajalipa. Aliye na jina la kilatini peke yake anatazama kibandiko.

Lakini nisikudanganye kwamba majina yanamaliza kila ugomvi. Braahmii kwa wengi ni mmea wa matopeni wenye maua meupe madogo. Wengine wakiambiwa braahmii huchuma kile kijani chenye jani la duara kama figo, ambacho vitabu vingi hukiita manduukaparnii. Raasnaa ya kaskazini na raasnaa ya kusini ni mimea ya jamii mbili zisizohusiana. Ile ya kusini ni ya ukoo wa tangawizi. Hapo Kisanskriti kinakuonyesha tatizo liko wapi, na linalobaki ni kazi ya mwanabotania na maabara.

Vilevile Kisanskriti hakithibitishi kwamba dawa inaponya. Utakutana na walimu wanaofikiri ubeti ukishasomwa kwa ufasaha, mjadala umekwisha. Vitabu vyenyewe havikuandikwa hivyo. Katika kitabu cha Charaka, sura 41 kati ya 120 zilijazwa baadaye na Dridhabala, na amelisema hilo waziwazi humohumo kitabuni. Chakrapaanidatta wa Bengal, karne ya 11, anafafanua Charaka huku akitaja wanaosoma sentensi vingine. Kathmandu kuna nakala ya Sushruta iliyoandikwa kwenye majani ya mtende mwaka 878, na inatofautiana mahali pengi na kitabu kilichochapwa ambacho wanafunzi hununua. Charaka anaorodhesha kanuni 36 za kufasiri maandishi, Sushruta 32: namna ya kujua neno lililoachwa, namna ya kutambua hoja ya mpinzani iliyotajwa ili ikanushwe. Mwanafunzi asiyejua kanuni hizo hunukuu hoja ya mpinzani akidhani ni ya mwandishi. Nimeona hivyo katika tasnifu iliyopewa alama nzuri.

Sushruta ana maneno makali kwa wanaohifadhi bila kuelewa. Anawafananisha na punda aliyebeba mzigo wa msandali: anaujua uzito, msandali haujui. Wanafunzi wote wanaukariri ubeti huo, na si wachache wanaoukariri kwa namna hiyohiyo unayoikemea.

Wewe basi utaendelea kupima malaria kabla ya kuita homa jvara, na kupima sukari kabla ya kuita mkojo madhumeha. Utabibu ulionao usiuache uwanja wa ndege.

Kuhusu kuanzia. Masomo ni miaka 4 na nusu, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Kisanskriti kinafundishwa kipindi cha mwanzo, pamoja na historia ya fani, wakati uleule unapohangaika na anatomia. Ukifika hujui herufi, utahifadhi majibu tu. Una miezi kadhaa, itumie. Herufi za Devanaagarii zinachukua wiki mbili au tatu kwa nusu saa kila siku, ukiziandika kwa mkono huku ukizitamka. Zimepangwa kwa mahali pa kinywa zinapotokea, koo kwanza na midomo mwisho, kwa hiyo zinajishika. Kisha jifunze sandhi, yaani jinsi maneno yanavyoyeyukiana yanapokutana, kabla ya jedwali lolote la vitenzi. Hapo ndipo wengi hukwama: neno haliko kwenye kamusi kwa sababu ni maneno mawili. Baada ya hapo miisho ya nomino. Kwetu upatanisho uko mbele, kitabu kizuri. Kwao uko nyuma, na kuna umoja, uwili na wingi. Uwili huo mganga anaufurahia: vrikkau, figo mbili, idadi iko ndani ya neno. Vitenzi jifunze vichache, vitabu vya tiba havina anasa ya vitenzi. Mtafute mtu wa kukusikiliza ukisoma. Kama mjini kwenu kuna hekalu, nenda kaulize kwa heshima, huenda ukampata anayejua kutamka hata kama tiba haijui.

Na daftari lako ligawe safu tatu: neno, mzizi wake, na mahali ulipolikuta. Safu ya "maana yake kwa Kiingereza" usiiweke mpaka ulikute neno mara tatu.

Ubeti wa kwanza nakupa mimi. Ni ule ambao Charaka anaitambulisha Ayurveda kwa kusema ni elimu ya nini: uhai wenye manufaa na usio na manufaa, wa raha na wa dhiki, yanayoufaa na yasiyoufaa, kipimo chake, na uhai wenyewe.

Hitaahitam sukham duhkham
aayus tasya hitaahitam
maanam cha tach cha yatroktam
aayurvedah sa uchyate

Uhesabu mizani, nane kila kipande. Hitaahitam nakukatia: ni hita, kifaacho, na ahita, kisichofaa, na ile aa ya katikati ndiyo imemeza a ya kukanusha. Asiyeiona anasoma "kifaacho, kifaacho". Katika kipande cha tatu kuna neno yatroktam, ambalo nalo ni mawili, na ile o haikuwamo katika lolote kati ya hayo. Likate mwenyewe, kisha niandikie umepata nini, nami nitakutumia ubeti wa pili.